Hasi tano ndani ya biti nane

Mdogo wangu anasoma kompyuta Kampala. Juzi alinipigia nikiwa dukani hapa Busia: "Dada, kwa nini hasi moja iandikwe 11111111? Si hiyo ni 255?"

Ni 255, ukiamua kuisoma hivyo. Biti ni tarakimu moja, 0 au 1; biti nane hutoa mipangilio 256 tu. Kuigawa kuanzia -128 hadi 127 ni makubaliano yetu. Wengi hufikiria kwanza kuitenga biti ya kushoto iwe alama ya hasi. Sawa, ila unapata sifuri mbili, 00000000 na 10000000, na kujumlisha kunakuwa vurugu.

Njia iliyoshinda ni hii. Chukua 5: 00000101. Geuza kila biti: 11111010. Ongeza 1: 11111011. Hiyo ndiyo -5. Ijumlishe na 5 uone: moja inabebwa mpaka nafasi ya tisa, ambayo haipo, inadondoka, zinabaki sifuri nane. Saketi ya kujumlisha haijui hata kama kuna hasi! Huo ujanja naupenda mno. Kampuni ya IBM waliutumia kwenye kompyuta zao za System/360, mwaka 1964.

Mkaidi ni -128, ambayo kwa njia hii ni 10000000. Geuza biti zake, ongeza 1: unarudi palepale, -128.