Ukili wa Likoni

Saa moja asubuhi nilikuwa kivukoni, Mombasa. Wakati huo umati hutoka Likoni kuja kisiwani kazini, kwa hiyo feri iliyonivusha mimi ilikuwa na nafasi tele. Muuza mikeka wa Marikiti alikuwa amenielekeza kwa bibi mmoja anayesuka ukili ng'ambo, yaani utepe wa ukindu, majani ya mkindu, unaoshonwa kuwa mkeka. Nafundisha hisabati, na ukili nimelala juu yake tangu utotoni bila kuutazama.

Nilimkuta barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti, ila usinikalie ukindu."

Miaa, yaani vipande vyembamba vya ukindu, ilikwisha chanwa na kukaushwa, mingine imechemshwa katika rangi nyekundu. Ukili alioushika ulikuwa na upana wa vidole vitatu. Nilihesabu miaa kumi na tatu, kila mmoja ukipita juu ya miwili, kisha chini ya miwili. Wekundu ulipanda na kushuka kama mawimbi. Nikamuuliza atajuaje akikosea. Akaugeuza ukili, wa juu ukawa chini, akautazama kidogo, akaendelea kusuka.

"Ukigeuza ukaona ni ule ule, umekwenda sawa."

Nilinyamaza. Jambo hilo darasani hulieleza kwa nusu saa: umbo likizungushwa nyuzi 180 na kufanana na lilivyokuwa, lina ulinganifu wa mzunguko. Nikaisimamisha simu yangu, imezimwa, kwenye ncha ya wimbi moja. Kioo chake kikaikamilisha sehemu iliyofichika nyuma yake. Mawimbi yale yalikuwa na ulinganifu wa kioo pia.

Nakshi inayojirudia kwenye utepe ina aina saba tu za ulinganifu. Hazizidi, hata msukaji awe nani, na hilo limethibitishwa. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, alichunguza vikoba vya kusuka viitwavyo sipatsi kule Inhambane, akazikuta zote saba. Wasukaji wale hawakusubiri kuambiwa ziko ngapi. Huniuma mtoto wa Pwani anapoamka kwenye mkeka, akaja darasani kuambiwa hisabati ilitoka Ugiriki.

Bibi akanitolea ukili mwingine, mwembamba, wenye vijani vyeusi: kimoja kushoto, kimoja kulia mbele yake, tena kushoto. Nikauambia moyo wangu, hizi ni nyayo. Ndivyo mtu aachavyo alama akitembea kwenye mchanga mbichi, mguu mmoja ni kioo cha mwenzake, lakini umesogea hatua moja. Nikamweleza hivyo. Akacheka, akasema mama yake alikuwa akiuita vivyo hivyo.

Akanipa ukili nijaribu. Mwaa wa nne niliupitisha juu ya mmoja badala ya miwili, na sikujua mpaka alipougeuza. Mawimbi yakakatika mahali pamoja, peupe. Akafumua polepole hadi pale nilipokosea, akaipanga miaa kwa kidole gumba, akanirudishia.