Sili ya Pampu na Ufunguo wa Kufuli

Mwaka 2014, nilipokuwa katika mafunzo ya kazini ya ufundi wa mitambo mjini Kigoma, nilimfuata fundi mmoja mzee kwenda kubadilisha sili ya pampu ya maji katika kituo kidogo kilichojengwa ufukweni, kati ya Kigoma mjini na Ujiji. Pampu hiyo ilivuta maji ya Ziwa Tanganyika na kuyapandisha hadi kwenye tangi la mlimani, mita 60 hivi juu ya usawa wa ziwa, na kutoka huko maji yalishuka yenyewe hadi kwenye vioski, zahanati na shule. Sili yake ilikuwa imebadilishwa muda si mrefu kabla ya siku hiyo, nayo ilikuwa inavuja tena kiasi cha kulowesha msingi wote wa zege na kurusha maji hadi kwenye mota. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo aliyetupokea kwa "Mwakeye" huku akipiga makofi taratibu kama ilivyo desturi ya Waha, alituomba jambo moja tu: sili mpya iwekwe upesi, kwa kuwa maji yaliyobaki kwenye tangi yasingetosha hadi jioni.

Shafti ya pampu, yaani mhimili wake, hulazimika kupenya ukuta wa pampu ili iizungushe impela, gurudumu la mapanga linalosukuma maji ndani, na pale inapopenya ndipo maji hutafuta njia ya kutokea nje. Pampu nyingi za zamani huziba pengo hilo kwa kamba ya pakingi, ambayo haina budi kuachwa idondoshe maji kidogo ili isiungue. Sili ya mekanika huziba kwa namna nyingine. Ina pete mbili, kwa pampu ile moja ya kaboni na nyingine ya kauri, ambazo nyuso zake zimesuguliwa kiwandani hadi zikawa bapa kabisa. Ya kaboni huzunguka pamoja na shafti, ya kauri hukaa tuli kwenye kiti chake, na springi huzikandamiza zikutane. Kati yao hubaki utando wa maji ambao kwa kawaida unene wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, na utando huo ndio unaozipoza na kuzilainisha. Utando ukikosekana, huku mota ikizunguka karibu mara 2,900 kwa dakika, nyuso hizo hupata joto kali ndani ya muda mfupi sana, na sili iliyogharimu fedha nyingi huwa imekwisha kabla mtu hajamaliza kufungua mlango wa nyumba ya pampu.

Mzee hakugusa spana tulipofika. Alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la umeme. Mhudumu wa pampu alikuwa tayari amebonyeza kitufe chekundu cha kusimamishia, akatuambia kwamba mtambo umezimwa na tunaweza kuanza kazi. Mzee alimshukuru, kisha akanigeukia. "Kitufe hicho ni cha kuisimamisha pampu, binti yangu," alisema. "Si cha kumlinda mtu." Alishusha swichi kuu, akachomoa fyuzi zote tatu na kuzitia mfukoni, akapitisha kufuli lake kwenye mkono wa swichi na kulifunga, na ufunguo akauning'iniza shingoni kwa kamba. Juu ya kufuli alifunga kipande cha boksi alichokiandika kwa kalamu ya wino mzito: USIWASHE, WATU WAKO KAZINI. Niliona kwamba hakumwachia mhudumu ufunguo wa pili, wala hakukubali kumpa mjumbe wa kamati aliyejitolea kuutunza. Mwenye mikono ndani ya mashine ndiye anayetunza ufunguo. Katika hilo hakuwa na mjadala na mtu.

Baada ya hapo alitoa testa, chombo cha kupimia kama waya una umeme. Aliijaribu kwanza kwenye waya zinazoingia juu ya swichi, mahali alipojua umeme upo, ili ahakikishe kwamba chombo chenyewe ni kizima. Kisha akapima waya zote tatu kwenye boksi la mota, kila mmoja na mwenzake na kila mmoja na ardhi. Kisha akarudi tena pale penye umeme kuthibitisha kwamba testa haikufa katikati ya vipimo. Miaka hiyo umeme wa Kigoma ulikuwa bado wa majenereta ya dizeli, mkoa ukiwa haujaunganishwa na gridi ya taifa, na kukatika na kurudi kwake ghafla kulikuwa jambo la kawaida. Mtu aliyezoea hali hiyo huweza kuuona ukimya wa mota kuwa ni usalama, hali ukimya huo huenda ni wa jenereta lililopumzishwa upande wa pili wa mji.

Hatari ya pili ilikuwa maji yenyewe, na hii watu wengi huisahau. Safu ya maji yenye kimo cha mita 10 hukandamiza kwa karibu bari 1, bari ikiwa kipimo cha shinikizo, hivyo bomba lililotoka kwa pampu ile hadi mlimani lilikuwa na shinikizo la karibu bari 6 hata pampu ikiwa imesimama. Kati ya shinikizo hilo na nyuso zetu palikuwa na valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo hakuna aliyejua ilikaguliwa lini. Tulifunga valvu ya bomba la kupandishia na ile ya bomba la kunyonyea, kisha Mzee akalegeza koki ya kutolea maji chini ya pampu polepole, akiwa amesimama pembeni badala ya mbele yake. Maji yalitoka kwa kishindo, yakapungua, yakawa matone. Tulisubiri hadi mshale wa geji ukatulia kwenye sifuri, na koki ile ikaachwa wazi muda wote wa kazi, ili maji yakipenya kokote yatokee pale na si usoni mwa mtu.

Kuifungua pampu hakukuwa na mengi. Tuliondoa kinga ya kapilingi, kiungo kinachounganisha shafti ya mota na ya pampu, tukatia alama pande zake mbili, tukainyanyua mota kwa mnyororo uliofungwa kwenye boriti, kwani mota ya ukubwa ule haibebwi mgongoni, tukafungua bolti na kuichomoa sehemu yote ya nyuma pamoja na impela. Impela ilikuwa imeng'ang'ania. Kijana mmoja alileta nyundo na tindo, na Mzee akamzuia kwa upole, akafunga pula, kifaa cha kuvutia kwa skrubu, na kuikaza robo mzunguko kwa robo mzunguko hadi ikaachia.

Sili ya zamani ilipotoka, hakuitupa. Aliifuta, akatoka nayo nje kwenye mwanga, akaketi juu ya jiwe na kuitazama kwa muda ambao wanakamati waliona ni mrefu mno. Uso wa kaboni ulikuwa na michirizi na umemeguka ukingoni. Pete ya kauri ilikuwa na ufa uliokwenda kutoka ndani hadi nje. Mpira ulikuwa umekakamaa upande ulioelekea nyuso hizo, na chini ya pampu palikuwa na unga mweusi wa kaboni uliogandamana na tope. Mzee alinieleza kwamba kaboni iliyomeguka na mpira uliokakamaa vinasema sili ilizunguka bila maji, na kwamba kauri iliyopasuka hivyo aghalabu ni ile iliyopata moto sana, kisha ikamwagiwa maji baridi ghafla. Alimwita mhudumu na kumuuliza, bila ukali wowote, pampu huwakaje alfajiri.

Jibu la yule kijana ndilo lililokuwa kiini cha shughuli yote, na linanisikitisha hadi leo kwamba kabla ya hapo hakuna aliyewahi kumuuliza. Pampu ilijiwasha yenyewe kwa boya la tangi: maji yakishuka, boya linashuka na kuunganisha waya, na mtambo unaanza. Mchana ilipumzika kwa muda mfupi mfupi na ikiwashwa ilivuta vizuri. Usiku, watu wakiwa wamelala, tangi lilikaa limejaa kwa saa nyingi, na alfajiri wachotaji wa kwanza walipolipunguza, pampu iliwaka. "Mzee, mara nyingi asubuhi naikuta inalia kikavu," alisema. "Naizima, nafungua kile kiplagi cha juu, naijaza maji ya ziwa kwa ndoo, ndipo inavuta." Mzee aliinua ile kauri iliyopasuka na kumwonyesha. Kijana alielewa mara moja. Alikuwa akifanya alichofundishwa, na alichofundishwa kilikuwa nusu ya habari.

Tulirudi ndani kusafisha. Nilikuwa nimeingiza mkono kwenye kiti cha sili, nikifuta ukoko kwa kitambaa, wakati kabati la umeme lilipotoa mlio mkavu wa kontakta, swichi inayojifunga kwa umeme ili kuwasha mota, na taa ya kijani ikawaka. Sote tulishtuka. Tangi lilikuwa limepungua, boya limeshuka, na amri ya kuwasha ilikuwa imefika kama kila siku. Mota haikuzunguka, kwa kuwa swichi kuu ilikuwa chini, fyuzi zilikuwa mfukoni mwa Mzee na kufuli lilikuwa mahali pake. Mzee alinitaka nitoe mkono na nikae mbali, akaufuatilia waya wa boya kwa macho na kwa testa, akagundua kwamba aliyeufunga alikuwa ameuchukulia umeme wake juu ya swichi kuu, kwenye fyuzi ndogo iliyofichwa nyuma ya kabati. Vipimo kwenye mota visingeweza kuuonyesha. Alichomoa fyuzi hiyo pia, akaitia mfukoni pamoja na zile nyingine, akapima upya kila kitu tangu mwanzo, pamoja na waya za kontakta, na hapo ndipo kazi ikaendelea. Kama tungetegemea kitufe chekundu peke yake, mota ingeanza kuzunguka ghafla katikati yetu.

Kuiweka sili mpya kulihitaji usafi zaidi ya nguvu. Shafti ilisuguliwa kwa msasa laini, na ncha kali za ngazi yake zikapunguzwa ili zisikate mpira unapopita. Mzee alinawa mikono, nami nikanawa. Kulikuwa na mtu aliyetuletea grisi, na Mzee akaikataa, akaeleza kwamba mpira wa sili ile ulikuwa wa aina ambayo huvimba ukipakwa mafuta ya petroli. Badala yake alikoroga sabuni ya mawese katika maji safi, akalainisha nayo mpira na kiti. Pete ya kauri ilisukumwa kwa vidole gumba juu ya karatasi safi, kwa nguvu sawa kila upande, hadi ikakaa wima. Nyuso zote mbili zilifutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, na tangu hapo hakuna kidole kilichozigusa, kwa kuwa chembe moja ya mchanga wa ufukweni ni nene mara nyingi kuliko ule utando wa maji. Impela ilirudishwa, gasketi mpya ikawekwa, bolti zikakazwa kwa kukingamana, na shafti ikazungushwa kwa mkono: ilikwenda laini, bila kukwama. Kapilingi zilipangwa kwa rula ya chuma na vipimo vya unene, kwani shafti iliyopinda au isiyo kwenye mstari huifanya sili iyumbe katika kila mzunguko.

Hata hivyo Mzee hakukubali kuiwasha kabla ya kujua maji ya pampu yalikuwa yakipotelea wapi usiku. Pampu ilikuwa mita 4 hivi juu ya maji, na katika kimo cha ziwa letu, karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, uzito wa hewa unaweza kwa nadharia kuyasukuma maji juu mita 9.4 tu, badala ya 10.3 za pwani. Bomba la kunyonyea halina ziada kubwa ya kuchezea. Wavuvi wawili walileta mtumbwi, wakainua ncha ya bomba hilo kwa kamba. Chujio lilikuwa limetoboka, na kwenye valvu ya chini, inayozuia maji ya bomba yasirudi ziwani pampu ikisimama, kati ya kifuniko na kiti chake, palikuwa na gamba la konokono, mmoja wa wale wadogo wagumu wanaojaa kwenye mawe ya Tanganyika. Uwazi liliouacha ulikuwa mdogo. Kwa usiku mzima ulitosha kuyarudisha ziwani maji yote yaliyojaza bomba. Gamba lilitolewa, raba ya kifuniko ikageuzwa upande usiochakaa, na chujio likafunikwa kwa wavu wa chuma uliokunjwa mara mbili hadi jipya lipatikane.

Tulijaza pampu maji, tukatoa hewa hadi kiplagi cha juu kikatiririsha bila mapovu, tukarudisha kinga ya kapilingi, na Mzee akafungua kufuli kwa mkono wake. Aliiwasha kwa sekunde moja kutazama upande inaozunguka, kisha akaiacha iende. Sili ilidondosha matone machache, nyuso zikazoeana, ikakauka.

Mwekahazina alikuja na kitabu cha makabidhiano ili Mzee atie sahihi. Alikataa. Alisema hatatia sahihi mahali ambapo waya wa boya bado unapita juu ya swichi kuu, kwa kuwa fundi atakayekuja baada yetu hataijua ile fyuzi ya nyuma ya kabati. Mwekahazina alisema kwamba fedha za kazi ya umeme hazimo katika bajeti. Mama mwenyekiti, ambaye alikuwepo kontakta ilipolia, alimtaka afungue sanduku la akiba, na kijana akatumwa mjini kununua waya. Giza lilikuwa limeingia tulipomaliza kuuhamisha. Mzee alishusha swichi kuu mara ya mwisho, akamwambia mhudumu alibonyeze boya kwa mkono kule mlimani na kupiga simu akishafanya hivyo. Simu ililia, kabati likakaa kimya, na Mzee akatia sahihi.