Sukari ya alfajiri ya Mama, na kesi tuliyombambikia

Wiki tatu nzima hapa kwetu Shangani, Mama, mgonjwa wa kisukari, alikuwa mshtakiwa. Kila alfajiri kabla hajanywa hata maji namtoboa kidole, tone la damu linavutwa na stripu, tunasubiri, mashine inaandika sukari 12 (kwa kipimo cha mmol/L), kesho yake 13, siku moja 13.6. Na usiku kalala na 8. Sasa mtu kalala na nane kaamka na kumi na tatu, wewe ungesemaje? Sisi tukasema anakula usiku. Kaka yangu wa Newala alikuwa katuletea ming'oko, vile viazi pori vya kuchemsha, akasema lile sufuria lifichwe, na kweli tukalificha. Kituo kimoja cha afya wakamwambia mbele za watu "mama usitudanganye, sukari haishuki kutoka mbinguni". Akanyamaza. Kwenye bajaji tukirudi akaniambia tu, "Mwanangu, mimi sijala."

Ile sauti haikuniacha nilale, nikaanza kusoma, na daktari mwingine baadaye akanichorea kwenye karatasi.

Kongosho liko nyuma ya tumbo la chakula, na ndani yake kuna vijikundi vya seli vinaitwa visiwa vya Langerhans, maana Paul Langerhans aliviona mwaka 1869 akiwa bado mwanafunzi kule Berlin, aliviona tu, kazi yake hakuijua. Viko kama milioni moja hivi lakini ukivikusanya vyote havifiki hata asilimia tano ya kongosho. Humo seli za beta zinatoa insulini, inayoshusha sukari, na seli za alfa zinatoa glukagoni, inayoliamuru ini litoe sukari iliyoweka akiba. Hapa ndipo wengi tunaishia, tunadhani kila moja inapima sukari ya damu kivyake na kufanya yake.

Kumbe zinaishi kama majirani wa uswahilini, ukipika pweza wa nazi nyumba ya pili wanajua. Insulini ikitoka kwenye beta, kabla haijaenda mbali inaigusa alfa iliyo ubavuni, inaiambia punguza. Glukagoni nayo ikitoka inaigusa beta, ila yenyewe inaisukuma itoe insulini zaidi, na hili lilinishangaza sana kwa sababu siku zote nilijua hawa ni maadui. Lakini fikiria umekula huyo pweza: protini yake inaiamsha alfa, glukagoni inapanda, na glukagoni hiyo hiyo inamsaidia jirani yake beta kutoa insulini ya kupokea chakula. Halafu kuna seli za delta, chache tu, zina mikono mirefu ya kuwafikia majirani, zinatoa somatostatini ambayo inawashika breki wote wawili. Na anayeiamsha delta ni beta mwenyewe, anapotoa insulini anaachia pia homoni nyingine inaitwa urokotini 3, yaani anamuita mtu aje amzuie asipitilize. Mimi niliposoma hapo nilifunga simu nikakaa kimya kwanza.

Sasa rudi kwa Mama. Beta zake zimechoka, miaka mingi na kisukari. Insulini ya jirani imepungua na hata iliyopo alfa haiisikii vizuri, kwa hiyo usiku mzima glukagoni inaendelea kuliambia ini toa, toa, na ini linatii, na kukikaribia alfajiri homoni nyingine za mwili kama kotisoli nazo zinaongezeka. Ile sindano ya insulini anayochoma jioni inasaidia ndiyo, ila inazunguka mwili mzima, ikifika kwa alfa imeshapungua nguvu, sio kama ile inayotoka ukuta wa pili. Sukari ilikuwa inatoka kwenye ini lake mwenyewe. Haikutoka mbinguni wala kwenye sufuria.

Na kinachoniuma zaidi ni sufuria. Mtu aliyepungukiwa insulini muda mrefu, alfa zake zinaweza pia zisishtuke sukari inaposhuka chini ya 3.9, yaani pale glukagoni inapohitajika kweli haiji ya kutosha. Sisi tulimfichia chakula mama anayechoma insulini usiku. Angeamka anatetemeka jasho linamtoka, anapapasa jikoni gizani, hakuna kitu.

Daktari alibadilisha dozi ya jioni, akamwambia vidonge vyake vya metformini asiache maana dawa hiyo kazi yake kubwa ni kulituliza ini lisimwage sukari. Juzi tumeamka na 8.1. Jana 7.6.

Usiku nikampigia kaka, nikamweleza habari ya alfa na ini kama nusu saa vocha ikawa inakatika, akanisikiliza mpaka mwisho hakuuliza swali hata moja, akasema, "Mpe simu Mama."