Nilivyotafuta wati za resho zilizopotelea njiani

Jioni hapa Katuba, Lubumbashi, umeme ukiwa mdogo, resho (jiko la umeme) ya wati 1000 huchelewesha bukari (ugali) hata kama koili yake, yaani waya unaotoa moto, ni nzima. Kabla ya kuilaumu nilipima volti (msukumo wa umeme) na ampea (kiasi cha umeme unaopita), resho ikiwa inawaka. Volti za prizi isiyo na mzigo, yaani isiyowasha kitu, hazisemi mengi.

Nilianza na kibandiko cha resho: volti 220, wati 1000. Ukigawanya 1000 kwa 220 unapata ampea 4.5, na 220 kwa ampea hizo ni ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme) wa omu 48 hivi. Ukinzani wa koili ya nikromu (aloi ya nikeli na kromu) haubadiliki sana ikipata moto, kwa hiyo hizo 48 zinabaki karibu vilevile umeme ukishuka. Balbu ya waya siyo hivyo: ya wati 100 ina omu 484 ikiwaka, lakini ikiwa baridi haifiki hata sehemu ya kumi.

Ampea nilizipima kwa mita ya kubana. Hiyo hubana waya mmoja tu. Ukibana nyaya zote mbili pamoja inasoma sifuri, maana mkondo wa kwenda na wa kurudi unafutana. Mwenye multimeta ya kawaida akatishe waya mmoja na kuiunga hapo katikati, umeme upite ndani yake, akitumia tundu lake la ampea 10. Akiichomeka sambamba na prizi kama anapima volti, fyuzi inakatika papo hapo, na multimeta za bei rahisi mara nyingine tundu hilo halina fyuzi kabisa.

Prizi tupu ilisoma volti 178. Resho ilipowashwa ikashuka hadi 164, ampea 3.4. Ukinzani: 164 ÷ 3.4 = omu 48. Koili haina kosa. Nguvu: 164 × 3.4 = wati 558. Volti zimepungua kwa robo, nguvu imepungua karibu nusu, kwa sababu ampea nazo hushuka pamoja na volti.

Lakini volti 14 zilizopotea ndizo zilizonivutia. Kwenye mita ya nyumba, resho ikiwaka, nilisoma 175: nje zimepotea 3 tu, 11 zimepotea ndani. 11 ÷ 3.4 ni omu 3.2. Mita 20 za kebo ya shaba ya milimita mraba 1.5, kwenda na kurudi, hazizidi omu 0.5. Omu 2.7 zilizobaki lazima ziwe kwenye kiungo, mahali waya unapofungwa, na wati zake (3.4 × 3.4 × 2.7, yaani 31) zinachoma sehemu ndogo kama ukucha. Ndipo moto wa nyumba huanzia.

Nikazima swichi kuu, nikahakikisha kwa mita kwamba prizi imekufa, nikaifungua. Skrubu moja ilikuwa imelegea, shaba nyeusi. Nilikata ncha hiyo, nikamenya upya, nikaweka prizi mpya na kukaza. Volti za mtaa zikiwa zilezile, resho ilipata 173 na ampea 3.6: wati 623.

Koili ikikatika, watu huisokota na kuendelea. Imefupika, omu zimepungua: ikibaki 40, siku volti 220 zikirudi itavuta ampea 5.5 na wati 1210, na pale iliposokotwa ndipo itakatika tena. Friji usiihesabu hivi. Kwa mota, volti mara ampea hutoa namba kubwa kuliko wati halisi.