Inasoma nini?

Nimelala na swali la mwalimu wa kwaya na nimeamka nalo. Mahari ya dada imepokelewa Jumamosi, mwenye nyumba kapandisha kodi tena, yote yamepita. Lile swali bado lipo.

Mwalimu mnamjua, yule anayekuja studio na mkongojo na chupa yake ya chai ya tangawizi. Safari hii alileta flashi yenye sauti za kwaya walizorekodi kanisani, treki 32 za wimbo mmoja wa dakika sita, kila treki ni faili lake la sauti. Nikazivuta kwenye projekti ya programu ninayochanganyia sauti. Treki ya kwanza ikaingia, kimya kirefu, ndipo ya pili. Akasogeza kiti, akatazama kioo cha kompyuta, akaniambia taratibu:

“Mwanangu, wimbo huu tuliuimba tukaumaliza. Mbona wewe kuufungua tu jua limefika utosini?”

“Samahani mwalimu, subiri kidogo, mashine inasoma.”

“Inasoma nini ambacho sisi hatukukiimba?”

Sikuwa na jibu. Na hakusema kwa dharau, hapo ndipo paliponiuma. Mtu akikudharau unajua la kumjibu. Mzee alitaka kujua kweli, na mimi ndiye fundi. Akaniachia flashi, akaaga kwa heshima zake. Tangu siku hiyo naosha vyombo, inasoma nini. Nimebanwa kwenye daladala, inasoma nini.

Jana usiku umeme uliporudi nikaketi. Wa kwanza kushukiwa ni flashi, maana hizi za bei rahisi ni nzito, tena ilikuwa kwenye tundu la mbele la USB 2.0, lile la zamani la polepole. Treki zenyewe ni mono, biti 24, kila moja karibu MB 52, zote kama GB 1.7. Nikanakili folda nzima kwenye SSD, ile diski ya kasi iliyo ndani ya kompyuta. Ikamaliza chai yangu haijapoa. Nikavuta upya kutoka humo. Kinyonga yuleyule. Basi flashi haina kosa. Nikaizuia antivirasi isipekue folda ya studio, nafuu ikawa ndogo mno.

Ndipo nikafungua Task Manager, dirisha linaloonyesha kompyuta inashughulika na nini, nikaitazama mashine wakati treki zinaingia. Diski imetulia, karibu haina kazi. Kiini kimoja cha prosesa kimejaa hadi juu, vingine vimelala. Kama ingekuwa inasoma tu, diski ndiyo ingehangaika. Hii ilikuwa inapiga hesabu!

Kanisani walirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kila sekunde, kwa sababu kamera ilikuwepo na video hutumia kiwango hicho. Projekti zangu huanza na 44,100, kiwango cha CD, ndicho wanachokuja nacho vijana wengi wa hapa mtaani. Programu ninayotumia ikikuta tofauti hiyo, kila faili inatengenezwa upya kuanzia mwanzo hadi mwisho kabla ya kuwekwa. Nikafungua projekti mpya ya 48,000, nikavuta zote 32 kwa mpigo.

Zikaingia. Yakabaki mawimbi tu yakijichora, na nilipomaliza kuvaa hedifoni yalikuwa yamekwisha. Nikaisikiliza sauti ya pili peke yake. Kuna mama mmoja huvuta pumzi mapema kidogo kabla ya kiitikio, kila ubeti, halafu wenzake wanamfuata. Nimeirudia pumzi ile sijui mara ngapi. Sitaikata, hata wakinilipa.

Alhamisi mwalimu akija, kabla hajafungua chupa yake, nitamwambia: mwalimu, haikuwa inasoma. Ilikuwa inaandika upya sauti zenu, moja baada ya nyingine, na nimeikataza. Nimeshayapanga maneno hayo, nayasema mwenyewe jikoni.

Mama kapiga simu sasa hivi. Dawa za presha zinakaribia kuisha na hataki dada aambiwe, eti asimharibie furaha ya mahari. Sijui nimwambie au niende mwenyewe kwanza.