Nilivyochagua kati ya LASIK, SMILE na PRK

Niliingia kliniki nikiitaka SMILE. Kati ya njia tatu kuu za kurekebisha uoni kwa leza ndiyo changa zaidi, jeraha lake ni dogo, na kila aliyenisimulia aliisifia. Nilitoka nimeandikiwa PRK, iliyo kongwe kuliko zote. Kilichoamua ni unene wa konea yangu.

Konea ni ule utando angavu ulio mbele kabisa ya jicho. Kwa watu wengi unene wake katikati ni mikroni 540 hivi, yaani nusu milimita na ushee. Yangu ilipimwa ikaonekana ni 478. Miwani yangu ilikuwa ya -5.50 macho yote mawili, na haikuwa imebadilika kwa zaidi ya mwaka. Hilo la kutobadilika ni sharti, maana namba ikiwa bado inapanda, leza itarekebisha jicho la leo na kesho utarudi kwenye miwani. Wiki mbili kabla ya vipimo nilikuwa nimeacha kuvaa lenzi laini za macho, kwa sababu lenzi huibana konea ikabadilika umbo na vipimo vikadanganya. Wenye lenzi ngumu huambiwa wasubiri zaidi.

Leza haiongezi kitu kwenye jicho, inapunguza tu. Kwa sisi tusioona mbali, inachonga konea katikati ili mviringo wake upungue. Kila dayopta, yaani kipimo cha namba ya miwani, hula mikroni 12 hadi 15, kulingana na upana wa eneo linalochongwa. Kwangu zilihitajika mikroni 77 hivi. Daktari alivuta karatasi, akaanza kutoa hesabu nikiangalia.

Alianza na LASIK. Hapo kwanza hukatwa kifuniko chembamba juu ya konea, mikroni 110 hivi, kinafunuliwa kama jalada la daftari, leza inachonga chini yake, kisha kinalazwa mahali pake bila mshono. Ila kifuniko kikishakatwa hakihesabiwi tena kwenye uimara wa konea. Kwa hiyo 478, toa 110, toa 77: zinabaki 291.

SMILE haina kifuniko. Leza huchora kipande chenye umbo la lenzi ndani ya konea, na daktari hukitoa kupitia mkato wa milimita 2 hadi 4. Nilidhani hapa nitaponea. Kumbe kipande hicho hukatwa chini zaidi, mikroni 120 kutoka juu, na huongezewa unene kidogo ili kisichanike wakati wa kukivuta. Zilizobaki hazikufika 270. Ni kweli konea ya juu haikatwi yote kama kwenye LASIK, na kuna madaktari wanaolitilia jambo hilo uzito mkubwa. Wangu hakutaka kulitegemea.

PRK hukwangua tabaka la juu kabisa, ambalo ni mikroni 50 tu na huota tena lenyewe, kisha leza inachonga konea moja kwa moja. Zikabaki 351.

Kikomo cha unene unaopaswa kubaki kinachotajwa sana ni mikroni 250, lakini daktari wangu hashuki chini ya 300. Konea iliyopunguzwa mno inaweza kulegea na kutuna miaka ya baadaye, na uoni ukaharibika kwa namna ambayo miwani ya kawaida haiwezi kuusahihisha. Nikamwambia, "Daktari, si 291 bado iko juu ya 250?" Akanijibu, "Iko. Na jicho likihitaji kurudiwa baadaye, tutachonga wapi?" Sikuwa na la kubisha.

Aliitaja pia lenzi ya kupandikizwa, inayowekwa ndani ya jicho bila kuchonga konea, na inaweza kutolewa. Ni mkombozi kwa wenye namba kubwa sana. Mimi sikuona sababu ya kufunguliwa jicho wakati -5.50 inatibika kwa leza. Jambo jingine lililonituliza ni kwamba nacheza judo, na PRK haiachi kifuniko kinachoweza kusogea mtu akipigwa kiwiko usoni.

Siku yenyewe, kazi ni fupi kuliko maandalizi. Unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikiliwa na kidude cha chuma, unaambiwa ukazie macho taa inayomwekamweka. Nilihisi brashi ikizunguka juu ya jicho bila maumivu, taa ikawa ukungu. Leza ikaanza kugonga tik-tik-tik, haikumaliza hata dakika, nikasikia harufu ya nywele zilizoungua. Harufu hiyo inadanganya. Leza ya eksima, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, hutenganisha molekuli bila kuchoma zilizo jirani. Mwaka 1981 mtafiti Rangaswamy Srinivasan wa IBM aliijaribu kwenye mabaki ya nyama ya bata mzinga, ikakata safi bila kuunguza pembeni, na baadaye madaktari wa macho wakaichukua. Mwishoni nilipakwa dawa ya mitomisini ya kuzuia konea isifanye ukungu, nikavalishwa lenzi laini ya kulinda kidonda.

Sasa maumivu. Kwenye PRK yapo, na anayekuambia ni kuwashwa kidogo tu anakubembeleza. Ganzi ilipoisha nilihisi kama nina mchanga chini ya kope, machozi hayakatiki, mwanga wa simu unachoma. Siku mbili tatu za kwanza nililala kwenye chumba chenye giza, nikimeza dawa za maumivu kwa saa zake. Tabaka lilipoota, lenzi ikatolewa, lakini uoni ulikuja kwa kusuasua: asubuhi herufi zinakaa vizuri, jioni zina kivuli. Rafiki yangu aliyefanya LASIK alisoma saa ya ukutani kesho yake asubuhi. Mimi ilinichukua wiki kadhaa kuamini kioo cha kompyuta, na miduara kuzunguka taa za magari usiku iliendelea hata baada ya hapo. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, nayo hayana haraka. Unayapunguza polepole, na kila ukirudi kliniki unapimwa presha ya jicho kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipandisha.

Leo nasoma mstari wa 6/6, yaani uoni wa kawaida, bila miwani. Kabla ya upasuaji daktari alinipa chaguo la kuliacha jicho moja na ufupi kidogo wa kuona, yaani lione karibu kuliko mbali, ili nikipita miaka 40 nisomee hilo. Leza ya konea haizuii macho ya utu uzima, yaani kushindwa kusoma vya karibu umri ukisonga, kwani chanzo chake ni lenzi ya ndani kukakamaa. Alinijaribishia hali hiyo kwa lenzi ya kuvaa. Nikiendesha gari usiku nilishindwa kukadiria umbali vizuri, nikamwambia ayasawazishe yote mawili, miwani ya kusomea nitanunua.