Siku moja maishani mwangu: ng’ombe anakataliwa, mbuzi anapita

Saa 2 asubuhi. Kazi ni programu huria ya Nostr, itifaki ya mawasiliano isiyo na makao makuu. Kila ujumbe, au tukio, husainiwa kwa ufunguo wa siri kwenye kifaa cha mwandishi, kisha hupelekwa kwa websoketi (muunganisho wa mtandao unaobaki wazi) kwenye seva kadhaa ziitwazo relei. Ripoti ya leo: toleo la kompyuta, lililoandikwa kwa lugha ya Python, likibandikiwa maandishi kutoka kwenye simu, sentensi yenye “ng’ombe” inakataliwa na relei zote. Yenye “mbuzi” inapita.

Saa 3. Namba ya tukio ni heshi (muhtasari wa kihisabati wa data) ya SHA-256 ya orodha ya vitu sita: sifuri, ufunguo wa umma, muda, aina, lebo, maudhui. Relei huikokotoa upya. Baiti moja ikitofautiana, inajibu false (si kweli) na neno invalid (batili). Nafasi ambazo json.dumps, amri ya Python ya kugeuza data kuwa maandishi ya JSON, huweka baada ya koma tulishaziondoa kwa mpangilio wake wa separators. Kumbe baadhi ya kibodi za simu hugeuza ' kuwa ’, alama iliyo nje ya ASCII (seti ya herufi na alama za msingi za kompyuta), na Python huiandika \u2019, hivyo heshi inakuwa tofauti. Dawa ni kuiambia json.dumps ensure_ascii=False, ili iache alama ilivyo, kisha kusimba kwa UTF-8, mfumo wa baiti unaobeba herufi za lugha zote. Majaribio yalipita miezi yote kwa sababu Kiswahili kinaandikika karibu chote kwa ASCII tupu. Sasa yana ng’ombe, emoji na mstari wa Kiarabu.

Saa 6 mchana. Kukagua msimbo wa mchangiaji wa toleo la wavuti. Ametumia Date.now(), amri ya JavaScript ya kusoma saa, moja kwa moja, nayo hutoa milisekunde. Itifaki inataka sekunde. Gawa kwa 1000, kata desimali. La sivyo ujumbe unapata tarehe ya zaidi ya miaka 50,000 ijayo.

Saa 8. Relei moja imekatika. Kuunganisha upya: subiri sekunde 1, 2, 4, 8, na kuongeza kidogo kwa bahati nasibu ili programu zote zisiivamie kwa pamoja. Tukio lilelile likija kutoka relei tatu, chuja kwa namba yake. Saini tunaihakiki wenyewe, maana relei yaweza kuwa ya mtu yeyote.

Saa 10 jioni. Kitufe cha “Futa”. Tukio la aina ya 5, ambalo kitufe hiki hutuma, ni ombi tu la kufuta. Relei inaweza kulipuuza, na nakala zikabaki kwingine. Mtu anayefuta picha ya mwanawe ana haki ya kulijua hilo kabla hajabonyeza. Kitufe sasa kinasema “Omba ufutwe”.